Shule Zimefunguliwa: Ni Nani Ambaye Hatukumwona Njiani?



Kila mwaka ifikapo Januari, njia zetu za Ugogo hujaa watoto. Kabla jua halijapanda wanaonekana kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, wengine katika sare mpya, wengine katika sare ya kaka iliyopunguzwa upindo, mikononi madaftari, ufagio na kidumu cha maji. Ni furaha kuwaona. Wazazi hujivuna, na viongozi hutangaza idadi ya walioandikishwa. Lakini mtu anayetafuta haki hatosheki na idadi hiyo. Hana budi kuuliza swali lililo gumu zaidi: ni nani ambaye hatukumwona njiani?

Swali hili latuhusu sisi wa Buigiri na vijiji jirani kwa namna ya pekee. Hapa kwetu ipo Shule ya Msingi ya Wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1950 na ndugu zetu wa Kanisa la Anglikana, nayo ni miongoni mwa shule za kwanza kabisa za aina hiyo katika nchi yetu. Watoto huletwa hapa kutoka mbali. Ingekuwa aibu kubwa iwapo mtoto wa mkoa mwingine angefika Buigiri kujifunza kusoma kwa vidole, huku mtoto asiyeona wa kijiji cha jirani akibaki amekaa chini ya mbuyu, akilinda nyumba na vifaranga.

Mlango umefunguliwa

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 mpango huo, ulioitwa UPE, ukatekelezwa nchini kote. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamwajibisha mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka saba na kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, malipo yakarudi na watoto wengi wakabaki nje. Mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, ukaambatana na kufutwa kwa ada ya shule ya msingi. Kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada hadi Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikawa zamu ya Kidato cha Tano na cha Sita. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilitamka kwamba wao pia wanayo haki sawa ya elimu.

Kwa upande wa sheria, basi, mlango umefunguliwa, na yatupasa kushukuru. Lakini ruhusa ya kuingia si sawa na njia ya kufika. Mtoto asiyeona hawezi kuisoma sheria hiyo, wala hawezi kutoka nyumbani peke yake kwenda kuitafuta. Asipopatikana mtu wa kumshika mkono, sheria nzuri hubaki katika karatasi.

Bila ada si bila gharama

Wengi wetu husema, "Serikali imeshasema elimu ni bure, mnatutakia nini tena?" Yafaa ieleweke kwamba kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulieleza wajibu uliobaki kwa mzazi: sare, madaftari na kalamu, matibabu, chakula kwa wanaosoma kutwa, na nauli na matandiko kwa wanaokaa bweni. Kwa upande wake, Serikali ilipanga fedha ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku za masomo zipatazo 194, unapata kama shilingi 50 kwa siku. Kila mmoja wetu anajua shilingi 50 zinanunua nini dukani.

Kwa mtoto asiyeona hesabu ni ngumu zaidi. Daftari la kawaida halimfai. Anahitaji karatasi nene inayoweza kushika nukta nundu, kibao na kalamu yake ya kutobolea, au mashine maalumu. Kitabu kimoja cha kiada, kikiandikwa kwa nukta nundu, huwa majuzuu kadhaa makubwa. Kwa hiyo kumpa kila mtoto kiasi kilekile si lazima iwe haki. Anayeanza safari kutoka mbali zaidi anahitaji msaada mkubwa zaidi ili afike pamoja na wenzake.

Neno moja kuhusu michango. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku kuwatoza wanafunzi michango katika shule za umma. Agizo hilo liliwalinda watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya deni la baba. Lakini baadhi ya wazazi walilipokea kama ruhusa ya kukunja mikono. Msimamo wetu ni huu: wazazi wakikubaliana kwa hiari, katika mkutano wa wazi na kwa kufuata taratibu, kuchangia mahindi au mtama ili watoto wapate uji, hilo ni jambo jema. Hata hivyo mtoto wa asiyekuwa nacho asinyimwe uji wala asifukuzwe darasani. Deni ni la mtu mzima, nalo lidaiwe kwa mtu mzima.

Januari ya Ugogo

Tusijifanye hatujui kwa nini watoto hubaki. Ugogo una msimu mmoja tu wa mvua, nayo huanza mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo shule hufunguliwa wakati ambapo ghala limekaribia kuwa tupu na shamba linaita. Mama anataka mikono ya kupalilia, baba anataka wa kufuata ng'ombe, na fedha ya sare inagombana na fedha ya unga. Katika nyumba yenye watoto watano, nani ataachwa? Mara nyingi ni yule anayedhaniwa kwamba hata akisoma hatafaa kitu.

Hapo ndipo dhuluma inapojificha, nayo haiishii kwa mtoto huyo mmoja. Sote tumewahi kuona mjini mtu mzima asiyeona akiomba sadaka, na mbele yake mtoto mdogo amemshika fimbo. Tunatoa sarafu na kupita. Lakini tutazame vizuri: pale wamesimama watu wawili walionyimwa shule. Mmoja alinyimwa zamani, alipokuwa mtoto na hakuna aliyempeleka. Mwingine ananyimwa leo, kwa kuwa macho yake yamekodishwa kumwongoza wa kwanza. Mtoto asiyeona tunayemwacha nyumbani Januari hii ndiye atakayehitaji, baada ya miaka thelathini, mtoto mwingine wa kumshika fimbo.

Bwana wetu alimkuta Bartimayo katika hali hiyohiyo, ameketi kando ya njia ya Yeriko akiomba. Watu wengi walimkemea anyamaze. Yesu alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamwuliza anataka nini. Tuzingatie kwamba alimwuliza. Hakuamua kwa niaba yake. Je, ni mara ngapi tumemwuliza mtoto wa namna hiyo kama anataka kusoma?

Kumpeleka si kumtupa

Upo pia upande wa pili wa kosa hili. Wako wazazi wanaomleta mtoto bweni Januari, wakaondoka kama watu waliotua mzigo. Likizo hufika, wenzake huchukuliwa, naye husikiliza kila gari linalosimama. Nchi yetu iliona jambo hilo katika kituo cha Buhangija, Shinyanga. Watoto wenye ualbino walipelekwa huko kwa ajili ya usalama wao, kufuatia mauaji ya kutisha yaliyoshtua taifa tangu mwaka 2006, na baadhi yao hawakufuatwa tena na ndugu zao. Shule yaweza kumfundisha mtoto nukta nundu na kutembea kwa fimbo nyeupe. Haiwezi kumpa ukoo. Kanisa katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, lilifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Bweni haliufuti wajibu huo.

Wengine hupinga wakisema kwamba mtoto asiyeona afadhali asome shule ya kijijini pamoja na ndugu zake, asitengwe. Hoja hiyo ina uzito, na pale penye mwalimu aliyefunzwa na vifaa vya kufaa twaiunga mkono. Lakini isigeuzwe kisingizio cha kumweka nyumbani tukingojea shule kamilifu. Wakubwa wanaweza kubishana miaka kumi, utoto haungoji.

Louis Braille, Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta nundu, alikuwa mtoto wa fundi wa ngozi kijijini. Alizaliwa mwaka 1809, akajijeruhi jicho kwa kifaa cha baba yake akiwa na miaka mitatu, akapofuka. Padre wa kijiji alimfundisha, mwalimu akakubali akae darasani na wenzake, na mwaka 1819 akapelekwa katika shule ya wasioona mjini Paris. Mwaka 1829, akiwa na miaka 20, alichapisha maandishi yake. Kila ukurasa wa nukta nundu unaosomwa leo Buigiri chanzo chake ni wazazi, padre na mwalimu waliokataa kumwacha mtoto mmoja nyumbani.

Tufanye nini?

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwahesabu watoto wake wote kati ya Oktoba na Desemba, kabla Januari haijafika, ikitaja kwa upole wale wasioonekana.

Pili, watoto wapimwe macho mapema. Si kila asiyeona ubaoni ni kipofu. Wengine wahitaji miwani au matibabu tu. Hospitali ya Mvumi imejulikana kwa miaka mingi kwa huduma ya macho. Na kwa kuwa trakoma imewatesa watu wa Kongwa na Ugogo kwa vizazi, mtoto anawe uso kwa maji safi kila siku, hata kama maji ni ya kubebwa kichwani.

Tatu, jumuiya iweke mfuko mdogo wa nauli, sabuni na shuka, na iteue mtu wa kumsindikiza mtoto Januari na kumfuata likizo ifikapo.

Nne, viongozi wa walei waende kwenye mikutano ya shule, waulize mapato na matumizi kwa heshima, na waseme kwa niaba ya mtoto asiye na msemaji.

Haya hayahitaji fedha za wafadhili. Yahitaji tusimame, kama Bwana alivyosimama njiani, na kumwita aliyeachwa pembeni.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mtoto wa rika la shule asiyesoma? Kinachomzuia ni nini hasa?

2. Tunapomsaidia anayeomba njiani, je, tunamwuliza mtoto anayemwongoza kwa nini hayuko shuleni?

3. Nani kati yetu atakwenda bwenini likizo ijayo kumtembelea au kumchukua mtoto wetu?