Chapa ya Gita na Wema wa Kuazimana

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Kisumu hufikiria ziwa, ngege na mbuta, na joto lisilo na upepo wa bahari. Ni wachache wanaofikiria gita. Hata hivyo, kama kuna mji katika Kenya ambako mwananchi wa kawaida aweza kubishana nawe mchana kutwa juu ya gita la umeme, basi ni huo. Wala mabishano hayo si ya kumbi za starehe peke yake. Fika Kibuye, soko lile kubwa la wazi kando ya barabara iendayo Kakamega, siku ya Jumapili ambapo hufurika watu, uketi karibu na mafundi wa redio. Redio itakuwa ikipiga benga, na hautapita muda kabla mtu hajauliza ni gita la chapa gani linalolia namna ile.

Hapo ndipo utakapojua kwamba chapa ni kabila. Mmoja ataapa kwa Fender. Wa pili atasema Gibson, na hataki kusikia la zaidi. Wa tatu, ambaye mfuko wake ni mwepesi lakini akili yake si nyepesi, atasema Yamaha, maana Wajapani hao walianza na vinanda mwaka 1887 na wajua wanalolifanya. Mtu wa Fender humtazama mtu wa Gibson kama vile shabiki wa Gor Mahia anavyomtazama shabiki wa AFC Leopards. Na mara nyingi atakayeitetea chapa kwa ukali kuliko wote ni yule asiyekuwa na gita lolote nyumbani kwake.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba mabishano hayo si upuuzi mtupu. Leo Fender, aliyeianzisha kampuni hiyo huko California, alikuwa fundi wa redio kama hao wa Kibuye, na yeye mwenyewe hakujua kupiga gita. Kwa kuwa alifikiri kifundi, gita lake lililokuja kuitwa Telecaster, lililoingia sokoni mwaka 1950 na 1951, alilifunga shingo kwa skurubu. Shingo ikipinda, unafungua skurubu nne, unatia nyingine, kazi imekwisha. Stratocaster ya mwaka 1954 ikafuata njia hiyo hiyo. Gibson, ambao Les Paul yao ilitoka mwaka 1952, waliendelea kuunganisha shingo kwa gundi kama wafanyavyo waundaji wa fidla. Sauti yake ni nene na tamu. Lakini likianguka likavunjika karibu na kichwa, mwenyewe atalala na huzuni. Basi kwa mtu aliye mbali na duka la vipuri, skurubu nne si jambo dogo, na kumpenda Fender kwa sababu hiyo ni busara.

Iko pia sababu ya sikio. Benga ilizaliwa pale Wajaluo walipoichukua nyatiti, yenye nyuzi 8, wakaihamishia katika gita. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda cha chini, njuga mguuni, pete ya chuma katika kidole cha mguu akiigonga ala yake, na vidole vya mikono vikidonoa nyuzi moja moja. Gita la solo katika benga hudonoa vivyo hivyo, mbio na juu, hata likabaki peke yake na besi. Kwa sikio langu, sauti kali isiyo na mafuta ndiyo inayofaa hapo. Msikilize marehemu Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufa katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwezi Mei 2006, kisha useme kama nasema uongo.

Lakini chapa ina miujiza yake isiyo na uhusiano na ubora. Phares Oluoch Kanindo aliposambaza santuri za benga miaka ya 1970, zilifika hadi nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Wenyeji hawakuuita muziki ule benga. Waliuita kanindo, na kutokana na lebo yake nyingine wakapata neno sungura, ambalo ni jina la muziki wao hata sasa. Karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri imekuwa jina la sanaa ya taifa! Na mwaka 1977 wenye Gibson walimpeleka mahakamani wakala wa Ibanez huko Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gita tu. Magita yaleyale yaliyoitwa ya kuigiza, leo wakusanyaji huyatafuta kwa taa.

Sasa nije kwenye neno langu. Katika nchi zetu hizi mapenzi ya chapa yamekuwa, kwa miaka mingi, mapenzi ya kitu cha mtu mwingine. Msomaji wa makamo anajua neno "mwenye vyombo". Bendi nyingi za Kenya na Tanzania, hasa kati ya miaka ya 1960 na 1980, zilipiga magita yasiyokuwa yao. Yalikuwa ya mwenye baa, au tajiri fulani, au chama, kama ilivyokuwa NUTA Jazz ya Dar es Salaam iliyokuwa ya umoja wa wafanyakazi. Mpigaji akikosana na mwenye vyombo, alitoka na vidole vyake vitupu. Sifa alikuwa nayo, mashabiki alikuwa nao, gita hana.

Ni kwa sababu hiyo wema wa kuazimana ukawa ndio uhai wa sanaa hii. Wako waliojifunza kwa gita la jirani, wakilishika mwenyewe anapokwenda kula. Waya wa breki ya baiskeli umewahi kuwa uzi wa gita katika sehemu nyingi za Afrika, na aliyeufumbua alimwonyesha mwenzake bila kudai ada. Hili ndilo lililonifurahisha kwa hao wabishi: watu wawili waweza kutukaniana chapa kutwa, kisha uzi wa kwanza wa mmoja ukikatika, mwenzake akaingiza mkono mfukoni na kutoa wake. Hamuulizi kama utatiwa katika Fender au katika kitu kisicho na jina.

Nisichokubaliana nacho ni chapa inapotumiwa kumfukuza mtu. Kijana anakuja na gita la bei ndogo, nembo yake haijulikani, na wakubwa wanacheka kabla hajapiga. Huo si uaminifu kwa chapa bali ni kiburi cha duka. Gita la umeme, lolote lile, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na uzi wa chuma unaotikisika juu yake na kuzaa umeme kidogo unaokwenda kwenye ampilifaya. Sumaku haisomi nembo. Fundi mzuri aweza kulisawazisha daraja la gita la bei ndogo likalia vizuri kuliko la tajiri lililosahauliwa ukutani.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza haya yanatuhusu nini sisi watu wa udi. Yanatuhusu. Fundi Konde, mtoto wa pwani aliyefariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kurekodi kwa gita la umeme katika Kenya, na Black Star wa Tanga walipolitia gita katika taarabu miaka ya 1960, wapo walionuna na wapo waliocheza. (Najua pia wapo wanaoona ala za nyuzi hazifai kuzungumzwa kabisa, hao sibishani nao hapa.) Lakini sisi tumezoea kuona ala nzuri ikifungiwa kabatini kama dhahabu ya bibi harusi. Ukiomba kuishika tu unaulizwa umetumwa na nani.

Kuazima kitu cha mtu ni amana, na hilo sisi tumefundishwa tangu chuoni. Basi masharti yawekwe wazi. Aliyeazima arudishe siku aliyosema. Uzi ukikatika mkononi mwake, anunue. Asiliache gita juani wala ndani ya gari lililofungwa, maana mbao hupinda, na kwetu pwani chumvi ya hewa hula nyuzi na skurubu upesi kuliko huko ziwani, kwa hivyo afute nyuzi kwa kitambaa kikavu kabla ya kulirudisha. Na mwenye gita naye, akishaliazimisha, asipite kila jioni kuuliza hali yake kama mgonjwa.