Usimnyang'anye kitabu, kaa naye

Mzazi mwenzangu, umeingia chumbani ukamkuta binti yako anasoma hadithi ya msichana aliyejiua baada ya kuonewa na wenzake shuleni. Wengi wetu tungemnyang'anya kitabu papo hapo. Subiri kidogo.

Chukua riwaya ya Thirteen Reasons Why ya Mmarekani Jay Asher, iliyotoka mwaka 2007. Hannah, mwanafunzi wa sekondari, anajiua na kuacha kaseti saba za kuwaeleza watu jinsi walivyomuumiza: kumzushia maneno, kumkejeli, kumshika mwili bila ridhaa yake. Kijana anayeonewa akisoma humo hujiona, akajua kuwa hayuko peke yake. Hilo ni jema.

Lakini hadithi hiyo ina mtego. Hannah amekufa, ila bado anazungumza, na waliomtesa wanalazimika kumsikiliza. Kijana mwenye uchungu anaweza kudhani kuwa kifo ni njia ya kusikilizwa. Tamthilia yake ilipotoka Netflix mwaka 2017, wataalamu wa afya ya akili walilalamikia tukio la kujiua lilivyoonyeshwa waziwazi. Mwaka 2019 Netflix ililiondoa.

Kwa hiyo, soma na wewe, kisha mzungumze. Mwambie, "Mwanangu, Hannah hakuwaona hao watu wakijuta. Unadhani nani angeweza kumsaidia?" Halafu muulize bila kuzunguka: "Na wewe, umewahi kufikiria kujiua?" Usiogope. Shirika la Afya Duniani linasema kumuuliza mtu hivyo hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Akijibu ndiyo, usimfokee wala usimhubirie. Mshukuru kwa kukuambia. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vitu vyenye ncha kali karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Suala la wanaomwonea utalifikisha shuleni, lakini yeye kwanza.

Kuna sehemu ya kitabu hicho inayotuhusu sisi wakubwa. Kabla ya kufa, Hannah alimwendea mwalimu mshauri. Mwalimu akamwambia kwamba kama hataki kumshtaki aliyemtendea ubaya, basi ayaache yapite. Hannah akatoka huku akitamani afuatwe. Hakufuatwa.

Mtoto wako akija kusimama mlangoni leo jioni bila kusema kitu, weka simu chini.