Kokoro na kichocho ni jambo moja

Wengi hulitazama Ziwa Nyasa kwa juu tu: maji, mitumbwi na mbasa aletwaye sokoni Kyela. Sakafu ya ziwa haionekani, na kisichoonekana ni nadra kuingizwa katika mipango ya wilaya.

Ziwa hilo lina kina cha mita 700 hivi, lakini kutoka kama mita 250 kwenda chini maji yake hayana oksijeni. Samaki na konokono hawawezi kuishi huko. Uhai wao wa sakafuni umebanwa katika ukanda wa kandokando. Upande wa Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, Milima ya Livingstone yazama majini ghafla, na ukanda huo ni mwembamba mno. Kyela, mkoani Mbeya, ambako mito ya Kiwira na Mbaka humwaga mchanga na tope, ukanda ni mpana. Na ndiko kokoro linakovutwa kwa urahisi.

Kokoro hukwangua sakafu. Huvuruga viota vya mchangani na huzoa samaki wachanga na wakubwa pamoja. Miongoni mwao wamo wenye meno butu kooni, ambao huvunja magamba ya konokono na kuwala. Baadhi ya konokono hao ndio wabebao vimelea vya kichocho.

Yaliyotokea Cape Maclear, kusini mwa ziwa hilo nchini Malawi, yafaa yasomwe kwa makini. Kwa miaka mingi fukwe zake za wazi zilihesabiwa kuwa salama. Tangu katikati ya miaka ya 1980 kichocho kiliongezeka, na watafiti walikihusisha na kupungua kwa samaki walao konokono kutokana na uvuvi uliokithiri. Hakuna aliyewahi kuwalipa samaki hao mshahara, lakini walikuwa wakifanya kazi ya bwana afya.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zipo, na kokoro limepigwa marufuku. Lakini kosa hilo huhesabiwa kuwa la bwana samaki peke yake. Kichocho kimo katika jalada jingine, la mganga wa wilaya: vidonge hugawiwa shuleni, na watoto waliovimeza hurudi kuoga palepale. Kumlaumu mvuvi nako ni rahisi. Mwenye kokoro mara nyingi hana chombo cha kumfikisha kwenye maji ya kina wanakopatikana usipa. Akinyang'anywa wavu bila kusaidiwa kupata mwingine ulio halali, atarudi ufukweni usiku.

Bwana samaki na bwana afya wa Kyela wakae meza moja, wachague fukwe ambazo watoto huoga zaidi, na ulinzi dhidi ya kokoro uanzie hapo. Konokono wahesabiwe kabla na baada, na walimu wa Matema na vijiji jirani washirikishwe katika hesabu hiyo. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi kipo hapo hapo Kyela.