Tumechemsha

Leo naomba niongelee maji ya kupoza injini ya boti. Najua, mtu wa Same anaongea nini kuhusu boti! Huku kwetu ni mkonge na milima. Lakini ukitoka Same kuelekea Moshi, ukishapita Mwanga, tazama mkono wa kushoto kule chini kwenye tambarare. Lile ndilo Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, na lina wavuvi, mamba, viboko na upepo wa mchana ambao hauna mzaha.

Miaka kadhaa nyuma nilitumwa huko kuandika habari ya makabidhiano ya boti. Wenyewe siwataji. Utepe ukakatwa, mgeni rasmi akavaa jaketi la kuokolea, picha ikapigwa. Boti ya faiba, injini mpya ya kupachika, ya doria na ya kuokoa watu mitumbwi ikipinduka. Nikaandika aya sita. Nguvu ya injini niliitaja, bei niliitaja, jina la mgeni rasmi nililitaja mara tatu.

Nilivyorudi baadaye kwa habari nyingine nikaomba lifti kwenye boti ileile. Tulikuwa katikati ya bwawa, nahodha kafungulia mafuta, mara nikasikia harufu kama ya rangi inayoungua. Nikamwambia. Akageuka, akatazama nyuma ya injini kale kamchirizi ka maji kanakotoka pembeni, akaniambia, "Usiogope kaka, mashine inakojoa." Kweli ilikuwa inakojoa. Kidogo, kwa kudonoadonoa, na maji yanatoa moshi. Dakika chache baadaye ikazima yenyewe na haikuwaka tena. Tulivutwa hadi ufukweni na mitumbwi miwili ya makasia, giza linaingia, na wale wavuvi walicheka mpaka tukafika. Boti ya kuokoa imeokolewa!

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema jambo langu. Ile mashine haikufa siku ile. Ilikuwa inakufa kwa miezi, na hapakuwa na kitu chochote ndani ya boti cha kumwonyesha nahodha. Hakuna geji ya presha ya maji. Alipewa injini, akanyimwa macho.

Nifafanue kwa gari, maana hilo sote tunalijua. Mjomba wangu aliendesha Land Rover kutoka Same kupanda Mbaga kupitia Mwembe. Pale mlimani utingo alikuwa na kazi mbili: kigingi na dumu la maji. Same mjini tuko mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari, ukipanda ukafika mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kwa hiyo rejeta inafungwa na mfuniko wenye springi unaoshikilia presha, mara nyingi paundi 13 hadi 15 kwa inchi ya mraba, na kila paundi inasogeza kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi moja na nusu hivi. Mfuniko ukilegea, gari inachemsha hata kama maji yamejaa. (Na usiufungue ikiwa moto. Utingo mmoja namfahamu ana kovu kuanzia kidevuni hadi kifuani.)

Injini ya boti ni kinyume. Haina rejeta, bwawa zima ndilo rejeta yake. Maji yanaingia kwenye vitundu vya chini karibu na pangaboi, yanasukumwa juu na gurudumu dogo la mpira lenye mapezi, mafundi wanaliita impela, yanazunguka silinda, yanarudi bwawani. Presha hapa haizuii maji kuchemka, ni taarifa tu. Inakuambia maji yanasukumwa au hayasukumwi.

Na hiyo impela ni mpira, jamani. Inasuguliwa na mchanga kila siku. Nyumba ya Mungu kiangazi kikikaza maji yanarudi nyuma, boti inaondoka kwenye tope, na hilo tope ndilo linalopita kwenye pampu. Mbaya zaidi ni ule mtindo wa kuwasha mashine nchi kavu "kuijaribu". Impela hulainishwa na maji yenyewe, ukiizungusha kavu sekunde chache tu inaanza kuungua. Ukitaka kuijaribu, itumbukize kwenye pipa la maji. Pipa lipi halipatikani?

Basi watu wanategemea mkojo. Mkojo ni mzuri, siudharau, lakini unakuambia kwamba kuna maji yanayofika kwenye kile kitundu, basi. Haukuambii yana nguvu kiasi gani ukiwa kasi. Na kuna nyigu wanaojenga kwa udongo ndani ya kile kitundu boti ikilala wiki mbili, ukaona haikojoi ukadhani pampu imekufa kumbe ni nyumba ya mtu. Geji ya joto nayo inachelewa, maana inapima chuma kikishapata moto, na maji yakikauka kabisa inaweza kubaki imetulia kwa muda huku ndani kunaungua. Presha inashuka kwanza. Nailoni ikiziba vitundu vya chini, mshale unaanguka papo hapo, nahodha anapunguza mafuta, anazima, anainua mashine, anatoa nailoni, safari inaendelea.

Kuitumia hakuhitaji digrii. Mashine nyingi za ukubwa wa kati na kubwa zina mahali pa kuunganisha kampira kembamba ka geji, mengine ni kufuata kitabu cha injini yako. Ikiwa taratibu presha huwa ndogo sana, kwenye nyingine karibu na sifuri, usishtuke. Ukifungulia itapanda, tuseme paundi 10 hadi 20, kila mashine na yake. Siku impela ni mpya, andika namba uliyoiona kwenye mwendo wako wa kawaida. Ikianza kushuka mwezi hadi mwezi kwa mwendo uleule, impela inaisha. Ikiwa juu huku joto nalo linapanda, kuna kitu kimeziba mbele ya safari, pengine themostati imegoma kufunguka. Impela ibadilishwe kila mwaka hata kama hujapata tatizo, na kwenye tope kama letu mapema zaidi. Ukiikuta imekatika mapezi, yatafute yote, maana lililopotea limejificha kwenye njia ya maji likisubiri kukuzibia.

Sisi Wapare tunasemwa nchi nzima kwa ubahili. Ati tuko tayari kuuza ng'ombe tuendeshe kesi ya kuku. Sawa, basi ningetegemea Mpare awe wa kwanza kununua kageji na impela ya akiba, maana injini iliyopinda silinda hedi ndiyo ng'ombe mwenyewe. Lakini hili si la nahodha. Yule kijana hakupewa impela ya akiba, hakupewa kitabu, hakupewa siku moja ya mafunzo. Boti ilinunuliwa kwa ajili ya picha, na picha ilipigwa vizuri sana. Fungu la matengenezo halina utepe wa kukata.

Na sisi waandishi tulikuwepo. Mimi nilikuwepo! Ningeuliza swali moja tu siku ile, "impela ya akiba iko wapi na nani ataibadilisha?", pengine mgeni rasmi angeona aibu akamgeukia mtu wa manunuzi. Sikuuliza kwa sababu sikujua impela ni nini, na sikuona haja ya kujua. Nilijua bei.

Mara ya mwisho nilipopita ile boti ilikuwa imegeuzwa chini juu kwenye mchanga, kuku wanalala ndani. Mzee mmoja mvuvi, nikamwamkia shikamoo, akaniuliza kama ni mimi niliyeandika kwenye gazeti. Nikakubali. Akasema lile gazeti alilihifadhi, alidhani limeleta boti.

Wiki iliyopita nikapata mwaliko wa makabidhiano mengine, boti nyingine, bwawa jingine. Nikampigia afisa anayehusika nikamuuliza kuhusu geji ya presha na impela. Akanyamaza kidogo, akaniambia niandike barua pepe. Nimeandika. Bado nasubiri.