Kocha anaipandisha timu, nani anaibakiza juu?



Pita kijiwe chochote Tarime mjini siku ya mechi, au kaa kwenye banda la kuonyesha mpira pale Mugumu, ubishi ni ule ule: kocha nani mkali? Mmoja atakwambia Nabi. Mwingine Gamondi. Jamaa wa Sirari, ambao jicho moja liko Kenya, watakuletea makocha wa Gor Mahia. Lakini mtaje Francis Baraza uone kijiwe kinavyopoa. Hiyo ndiyo stori yetu sisi watu wa Mara, na ndiyo nataka tuijadili leo.

Tukumbushane kidogo. Biashara United Mara, "Wanajeshi wa Mpakani", walipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Wakahangaika kweli kweli. Mwishoni mwa 2019 akaja Baraza, Mkenya, akakuta timu iko pabaya. Msimu uliofuata, 2020/21, Biashara wakamaliza nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Nafasi ya nne, jamani! Timu ya Musoma, ya Uwanja wa Karume, isiyo na mfuko wa Kariakoo.

Sasa kuna kitu wengi tunakisahau. Baraza hakuumaliza msimu ule. Aliondoka kabla ligi haijaisha akaenda Kagera Sugar, na timu ikamaliziwa na Mkenya mwenzake, Patrick Odhiambo. Hata hivyo nafasi haikupotea. Tanzania ilikuwa na nafasi nne za Afrika, na Biashara wakaingia Kombe la Shirikisho. Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 wakaichapa Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 pale Dar es Salaam.

Halafu? Marudiano ya Libya timu haikufika. Safari ilikwama, siku ya mechi ikapita, tukatolewa huku tuna mabao mawili mkononi. Mwisho wa msimu huo huo wa 2021/22, Biashara ikashuka daraja. Kutoka nafasi ya nne hadi kushuka, mwaka mmoja tu. Mwaka 2024 ilicheza mchujo wa kurudi Ligi Kuu, Tabora United wakaizuia.

Swali langu kwenu: hapo kosa la kocha liko wapi? Hakuna kocha duniani anayekata tiketi ya ndege ya timu. Hakuna kocha anayefuatilia vibali vya safari. Hiyo ni kazi ya uongozi, na uongozi ndio uliokutwa hauko tayari timu ilipopaa.

Linganisha na Yanga. Msimu wa 2024/25 walianza na Gamondi, wakamtimua Novemba. Akaja Ramovic, akaondoka Februari kwenda Algeria. Akamalizia Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja, na ubingwa wakabeba! Maana yake nini? Maana yake pale kuna kitu kinachobaki hata kocha akifunga begi: wachezaji wenye mikataba, fedha za GSM na uongozi unaojua kesho timu inakwenda wapi na inalala wapi.

Najua kuna mdau ameshaanza kunuka hasira: "Kwa hiyo kocha si kitu?" Hapana, sijasema hivyo. Nabi aliikuta Yanga Aprili 2021 ikiwa imekaa miaka inaangalia Simba akibeba kombe, mara tatu mfululizo. Msimu wa 2021/22 akachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, na 2023 akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho. Lakini tusidanganyane. Dirisha la 2021 aliletewa Diarra golini, Aucho na Bangala katikati, Mayele mbele. Kocha mzuri akipewa vifaa, mambo yanakwenda haraka. Akipewa maneno, hata awe nani, atakwama.

Hata Marekani ni vile vile. Kule timu za vyuo vikuu, za soka lao lile la kukimbia na mpira mkononi, zinajaza viwanja kuliko fainali zetu, na mashabiki wanabishana makocha usiku kucha kama sisi. Chuo cha Indiana mwaka 2023 kilishinda mechi 3 tu kati ya 12. Akaja kocha Curt Cignetti. Msimu wa 2024 wakashinda 11 kati ya 13, na Januari 2026 wakawa mabingwa wa taifa bila kupoteza hata mchezo mmoja. Muujiza? Cignetti hakuja na begi tu. Alikuja na wasaidizi wake na wachezaji kadhaa kutoka James Madison, chuo alichotoka, na chuo kipya kikafungua pochi.

Kwa nini nalisema hili kwa vijana wa Tarime na Serengeti? Kwa sababu tangu 2022 mkoa wetu hauna timu Ligi Kuu. Dogo wa Nyamongo au Mugumu mwenye kipaji hana pa kuonekana nyumbani. Inabidi apande basi kwenda Mwanza au Dar, au avuke mpaka akabahatishe Migori. Wangapi wana nauli hiyo? Wangapi wana ndugu wa kuwapokea huko mjini? Wengi wanaishia kucheza mchangani, miaka inakwenda, kipaji kinazeeka.

Na tusijifanye masikini sana. Tarime kuna mgodi wa North Mara, Serengeti kuna hifadhi inayojulikana dunia nzima. Fedha zinapita mlangoni kwetu kila siku.

Kwa hiyo siku timu ya kwetu itakapotangaza kocha mpya, na watu wakaanza kushangilia kwamba "mwokozi kaja", mimi nitauliza maswali matatu. Mishahara ya msimu mzima iko wapi? Mikataba ya wachezaji inaisha lini? Kocha akiondoka Desemba, Januari nani anasimamia mazoezi? Viongozi wakishindwa kujibu, basi hata waje na Guardiola, tutapanda vizuri na tutashuka vibaya zaidi.

Huo ni mtazamo wangu. Wewe mdau unasemaje, Biashara iliangushwa na nini hasa? Kama ulikuwepo Karume enzi zile, tupia maoni yako hapo chini. Matusi hapana, hoja kwa hoja.

Naomba kuwasilisha.