MWETHYA SI OVATAIMU YA BURE

Ndugu wanachama,

Habari imefika kwa kila gengi hapa Makindu ya kwamba Jumamosi twatakiwa kuzibua mitaro ya njia ya reli kwa "kujitolea", pasipo malipo. Wasimamizi wametumia neno la Kikamba kabisa, mwethya, ili tuone haya kukataa. Twajibu hapa kwa maandishi, mtu asije akasema hakusikia.

Mwethya twaijua. Jirani akijenga nyumba au akichimba kisima, watu huja na majembe yao, mwenye kazi hupika, na siku nyingine zamu huwa ya mwenzake. Je, reli itakuja kulima shamba la nani? Kuzibua mtaro wa reli ni kazi ya mshahara. Kupunguza watu, kisha kuwaomba waliobaki wafanye kazi ya walioondolewa bila ujira, ni kutupunja. Hata kule misheni tulikosomea hatukufundishwa kwamba sadaka hutozwa kwa orodha ya msimamizi.

Wazee wetu waliyaona haya. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa wilaya ya Machakos, ambayo siku zile Makindu ilikuwa ndani yake, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Walichimba kwa kinyongo. Miaka ya 1950, kazi ilipotiwa mikononi mwa vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi, matuta yalienea vilimani. Udongo ulikuwa ule ule na majembe yale yale.

Tena litazameni hekalu la Masingasinga hapa hapa mjini. Lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga wafanya kazi wa reli, watu wa mshahara kama sisi. Mpaka leo msafiri yeyote akiingia hupewa chakula bila kuulizwa dini yake wala kudaiwa senti. Huko ndiko kujitolea, na kulianzishwa na wafanya kazi wenyewe.

Reli hii imekwisha kupewa vya bure vya kutosha. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa watu karibu 32,000 kutoka Bara Hindi kuijenga, na karibu 2,500 wakafa. Waafrika waliobeba mizigo na kufyeka pori hawakuhesabiwa kwa uangalifu hata huo. Nao wafanya kazi wa Mombasa, wa bandarini na wa reli pamoja, walipotaka nyongeza mwezi wa Januari 1947, iliwabidi watu 15,000 hivi waache kazi siku kumi na mbili. Leo twaambiwa tuirudishe Jumamosi kwa tabasamu!

Basi mtu yeyote asitie sahihi katika karatasi ya Jumamosi mpaka malipo ya ovataimu yameandikwa juu yake. Akitishwa, amwone mwakilishi wa chama siku ile ile, asingoje mwisho wa mwezi.

Jumapili baada ya sala tutakutana shule ya msingi kuchimba msingi wa tangi la maji la watoto. Akina mama wamekubali kupika isyo. Njooni na majembe. Bwana msimamizi naye akipenda aje, jembe la ziada lipo.