Ukaguzi Upo, Hesabu Je?

Mwandishi aliyedai kwamba kerneli ya Linux iko salama maadamu kila ukubwa unaotoka kwa mtumiaji umekaguliwa amepitwa na jambo la msingi: ukaguzi wenyewe ni hesabu, na hesabu hukosewa.

Atazame dosari ya kerneli hiyo iitwayo CVE-2022-0185. Ukaguzi ulikuwepo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019. Msimbo uliuliza: je, data mpya inazidi baiti 4096, ukitoa 2, ukitoa tena data iliyokwisha kupokelewa? Swali zuri, mpaka data iliyopokelewa ifike 4095. Jibu lilipaswa kuwa hasi 1, lakini namba za aina iliyotumika hapo hazijui hasi. Likageuka namba kubwa kupindukia, na kila kitu kikapita. Kwenye mifumo mingi, mtumiaji wa kawaida aliweza kuandika nje ya mpaka wa kumbukumbu na kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Dawa? Kujumlisha badala ya kutoa: data ya zamani, mpya, na 2, visizidi 4096.

Basi, ndugu yangu, usituhesabie mistari ya ukaguzi. Tuonyeshe kila mstari unajibu nini namba zinapofika ukingoni.